Wasomaji Wanauliza: Little Italy Mbili za New York

Barua nyingi za safari hii zinahusu mitaa ya wahamiaji wa Kiitalia jijini New York. Baadhi ya walioandika wanafunga mizigo, na wengine wamekwishakwenda wakarudi na kinyongo. Barua zinazofanana tumeziunganisha.

Nitakuwa na siku moja tu ya kutembea. Nasikia kuna Little Italy ya Manhattan na nyingine iko Bronx. Niende ipi?

Kama siku ni nzima, nenda kote kuwili na uanzie Bronx. Manhattan yamebaki majengo, Bronx yamebaki maduka. Mkate na jibini ni mambo ya asubuhi, vikiisha vimeisha, lakini majengo ya Mulberry Street, barabara kuu ya Little Italy ya Manhattan, yatakungoja mpaka jioni. Wageni wengi hugeuza mpango huu. Wanakula mchana Manhattan, wanafika Bronx saa 11 jioni, wanakuta rafu za mkate tupu na muuza samaki anaosha sakafu.

Mtaa wa Bronx unaitwa Belmont, na kitovu chake ni pale Arthur Avenue inapokutana na East 187th Street. Njia ya haraka ni treni ya Metro-North, ile ya Harlem Line, kutoka Grand Central hadi kituo cha Fordham, kama dakika 20. Kata tiketi kwenye mashine au kwa simu kabla ya kupanda, maana ndani ya treni inauzwa ghali zaidi. Ukitoka kituoni, ifuate Fordham Road kuelekea mashariki, uzio wa Chuo Kikuu cha Fordham ukiwa kushoto kwako, kisha kunja kulia uingie Arthur Avenue. Ni mwendo wa dakika kumi hivi.

Njia ya gharama nafuu ni treni ya chini ya ardhi ya D hadi Fordham Road, halafu basi la Bx12 linaloelekea mashariki. Hapa watu hupotea sana, kwa kuwa ramani inaonyesha D na B zikipita reli moja. B hufika Bronx saa za msongamano za siku za kazi peke yake, na nje ya saa hizo huishia 145th Street, bado uko Manhattan, au haitembei kabisa. Ngojea D. Treni hiyohiyo ndiyo itakayokushusha Little Italy ya pili: panda Fordham Road, teremka Grand Street, tembea dakika tano kuelekea magharibi na uko Mulberry. Itengee safari hiyo dakika 45, hata saa nzima wikendi reli zinapofanyiwa matengenezo.

Nauli ya treni na basi ni dola 3 tangu Januari 2026. Unagusisha kadi ya benki au simu kwenye mashine ya lango, na MetroCard za zamani hazikuuzwa tena baada ya 2025. Ukikaa jijini siku kadhaa, gusisha kadi ileile kila mara. Kuna ukomo wa dola 35 kwa siku 7, ukiufikia hulipi tena, na hesabu yake inafuata kadi. Leo kadi, kesho simu, basi ni hesabu mbili tofauti na ukomo huufikii kamwe.

Siku nzuri ni Jumanne hadi Ijumaa kabla ya saa 6 mchana. Jumamosi imechangamka lakini foleni ni ndefu. Jumapili na Jumatatu baadhi ya maduka yanayostahili safari hiyo hayafungui, au hufunga mapema, kwa hiyo piga simu kwanza.

Nilifika Mulberry Street nikaona mikahawa, fulana za kumbukumbu na wapiga debe. Waitaliano wenyewe wako wapi? Nilihisi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tunakuelewa, na wengi wameandika hivyo. Shida ni kwamba uliutazama mtaa kwa usawa wa macho, na usawa huo ni wa biashara ya watalii. Mtaa huu husomwa kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu.

Kati ya 1880 na 1920 Waitaliano wapatao milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao wakitoka kusini mwa Italia, na tangu 1892 mlango wao wa New York ulikuwa Ellis Island. Waliobaki Manhattan walijigawa kwa asili zao. Wa Napoli walishika Mulberry Street, wa Sicilia Elizabeth Street, wa Calabria Mott Street, wa Puglia Hester Street, na wa Genova, waliotangulia wote, Baxter Street. Lahaja zao zilikuwa mbali kiasi kwamba mtu wa Elizabeth na mtu wa Mulberry, mtaa mmoja tu kati yao, wangeweza kushindwa kuelewana. Kile tunachokiita Little Italy kilikuwa mkusanyiko wa vijiji vilivyopangwa kwa mistari.

Sheria ya uhamiaji ya 1924 iliibana Italia ibaki na nafasi 3,845 kwa mwaka. Mgeni mpya akawa adimu, na watoto wa waliotangulia wakahamia Brooklyn, Staten Island na New Jersey kadiri mifuko ilivyoruhusu. Baada ya sheria ya 1965 kufungua milango upya, Chinatown, mtaa wa Wachina, ilivuka Canal Street na kuingia katika nyumba zilizoachwa. Sensa ya 2000 ilikuta wakazi wenye asili ya Kiitalia kwenye mtaa huo ni kama asilimia 8 tu. Mwaka 2010 mitaa hiyo miwili iliandikishwa pamoja kama eneo moja la kihistoria la taifa, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo namna sahihi ya kuitazama. Usiudhike kuona herufi za Kichina juu ya duka ndani ya Little Italy. Nyumba zile zimekuwa zikipokea wageni tangu zijengwe.

Sasa rudi, na safari hii tembea hivi. Shuka Canal Street kwa treni ya 6, uende kwanza kusini hadi Columbus Park. Bustani hiyo, iliyofunguliwa 1897, imekaa juu ya Mulberry Bend, kipande cha mtaa kilichosongamana kupita kiasi, ambacho picha za mwandishi wa habari Jacob Riis zilisaidia kulifanya jiji likibomoe. Kata upande wa mashariki kidogo hadi Mott Street namba 29, Kanisa la Transfiguration. Jengo ni la 1801. Parokia yake ilikuwa ya Waairishi, wakaja Waitaliano, ambao mwanzoni walisalishwa kwenye chumba cha chini ya kanisa, na leo misa husomwa kwa Kiingereza, Kikantoni na Kimandarini.

Kutoka hapo rudi Mulberry na uipandishe kuelekea kaskazini, ukivuka Canal, Hester, Grand, Broome, Kenmare na Spring hadi Prince Street. Bila kusimama ni dakika 20. Usikubali chini ya saa mbili.

Kona ya kusimama kwa muda mrefu ni Mulberry na Grand. Jengo la pale lilikuwa Banca Stabile, benki ya wahamiaji ya karne ya 19, na sasa ni sehemu ya Italian American Museum (angalia siku za kufungua kabla ya kwenda). Mfikirie kibarua wa ujenzi, hajui kusoma, na mshahara wake uko mfukoni. Akifika dirisha moja la benki ile alituma fedha kijijini, alinunua tiketi ya meli ya kumleta mke wake, na alipeleka simu ya maandishi. Kwake benki ilikuwa posta, wakala wa safari na mwandishi wa barua.

Hapohapo Grand Street kuna Ferrara, duka la vitamutamu la 1892, na kwenye kona ya Mott kuna Di Palo's, wauza jibini tangu 1925. Vitabu vya mwongozo vya zamani vitakutuma pia Alleva, duka la jibini la 1892 lililokuwa kona ya Mulberry. Usilitafute, lilifungwa 2023.

Malizia kwenye Kanisa Kuu la zamani la St. Patrick, Mulberry kwa Prince, lililozinduliwa 1815 na kujengwa upya baada ya moto wa 1866. Ni kazi ya Waairishi, na Waitaliano walilirithi. Ukikuta misa inaendelea, kaa nyuma au subiri nje, usizunguke na kamera.

Njiani inua macho. Viwanja vya huko vilikatwa futi 25 kwa 100, ndiyo maana nyumba za kupanga ni nyembamba na ndefu, zimebanana bega kwa bega, ngazi za chuma za kukimbilia moto zikining'inia mbele. Tafuta mwaka au jina la ukoo lililochongwa juu kabisa chini ya paa. Wenye nyumba walipenda kuacha jina lao pale.

Mama yangu ana magoti mabovu lakini anataka sana kuona jinsi wahamiaji walivyoishi ndani. Kuna mahali anapoweza kuingia?

Tenement Museum, ofisi yake ya wageni iko 103 Orchard Street, kama dakika 15 kwa miguu mashariki mwa Mulberry. Unaingia vyumbani kwa kuongozwa tu, hivyo nunua tiketi mapema kwenye tovuti yao. Wikendi nafasi hujaa.

Hapa kuna majengo mawili na tofauti yake ni kubwa kwa mama. Namba 97 lilijengwa 1863, halina lifti, na ngazi zake ni nyembamba na zina mwanga hafifu, kwa makusudi, ili mgeni aone hali halisi. Namba 103 lina lifti. Mwambie muuza tiketi kabla ya kulipa kwamba mmoja wenu hapandi ngazi, akuchagulie ziara ya namba 103. Usisubiri kusema mlangoni.

Wewe mwenyewe, kama mama anaweza kupumzika kwa saa moja hivi na mtu, panda namba 97 kwenye ziara inayopita kwa familia ya Baldizzi, Wasicilia waliopanga pale hadi 1935 mwenye nyumba alipowatoa wapangaji. Makazi ya humo yalikuwa na vyumba vitatu kwa jumla ya mita za mraba 30 hivi. Chumba cha mbele tu ndicho chenye dirisha la barabarani, kwa hiyo utaona madirisha yaliyotobolewa kwenye kuta za ndani, kati ya chumba na chumba, yapitishe mwanga hadi jikoni. Ukishaliona dirisha linalotazama chumba kingine, utaelewa kwa nini watu wa Mulberry waliishi barabarani.

Kwa usafiri, kituo cha Canal Street upande wa treni ya 6 kina lifti, lakini pande nyingine za kituo hichohicho zina ngazi. Lifti huharibika, kwa hiyo tazama hali yake kwenye tovuti ya MTA, mamlaka ya usafiri ya jiji, asubuhi hiyo.

Mimi ni Mwislamu. Chakula cha Kiitalia kinaonekana salama, pasta na pizza, lakini rafiki ameniambia niwe macho hata kwa keki. Ni kweli?

Ni kweli, tena keki ndizo zinazowanasa wengi. Nguruwe na mvinyo vimejificha mahali ambapo jicho halivioni.

Anza na vitamu. Unga wa ganda la cannoli kwa desturi hukandwa na mafuta ya nguruwe, yaitwayo *strutto*, pamoja na mvinyo wa Marsala, na ganda lenyewe linaweza kukaangwa kwa mafuta hayohayo. Maduka mengi sasa hutumia mafuta ya mimea, lakini Marsala mara nyingi hubaki. Sfogliatella, ile yenye majani membamba kama kurasa za kitabu, hupata majani yake kwa kupakwa strutto kati ya tabaka. Tiramisu karibu daima ina pombe, na keki iitwayo *babà* imeloweshwa ramu waziwazi. Panna cotta hushikishwa kwa jelatini, ambayo huenda ni ya nguruwe. Uliza kwa majina haya ya Kiitalia, *strutto* na *Marsala*. Ukiuliza kwa ujumla tu kama kuna nyama, mwuzaji atakujibu hakuna, na kwa hakika hatakuwa amekudanganya.

Unavyoweza kula kwa wasiwasi mdogo ni torrone, ambayo ni asali, lozi na ute wa yai, biskuti za pignoli za lozi na mbegu za msonobari, na barafu ya ndimu.

Kwenye chakula cha chumvi, prosciutto, pancetta, guanciale, soppressata, capocollo, salame na mortadella zote ni nguruwe. Bresaola ni ng'ombe, ila haikuchinjwa kwa utaratibu wako na hukatwa kwenye mashine ileile ya prosciutto. Mipira ya nyama huchanganya ng'ombe, ndama na nguruwe. Mchuzi mwekundu wa Jumapili hupikwa saa nyingi na mbavu na soseji za nguruwe, halafu nyama inatolewa na mchuzi unapelekwa mezani peke yake, mwekundu, hauna kipande hata kimoja. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote. Uliza kama mchuzi umepikwa na nyama, usiulize kama una nyama. *Marinara* na *pomodoro* ni nyanya, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. *Alla vodka* na *alla Marsala* zinajieleza, na chaza na samaki mara nyingi hurushwa kwenye mvinyo mweupe.

Mkate wa kawaida ni unga, maji, chachu na chumvi. Jihadhari na mkate wenye vipande vyekundu ndani. Huo umekandwa na mabaki ya prosciutto na mafuta yake. Kuhusu jibini, Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Wanazuoni wametofautiana, basi fuata unayemfuata.

Tukikaa nyumba ya kupanga yenye jiko, tununue nini Arthur Avenue, na tunaagizaje? Naogopa kaunta zenye foleni.

Hili ndilo swali tulilokuwa tukilingoja. Belmont si mahali pa kutazama, ni mahali pa kubeba kikapu.

Ingia kwanza soko la ndani, Arthur Avenue Retail Market, namba 2344. Meya Fiorello La Guardia, mtoto wa wahamiaji aliyewahi kuwa mkalimani Ellis Island, alilifungua 1940 ili kuwaondoa wauzaji wa mikokoteni barabarani. Kutoka hapo maduka yote ya maana yako ndani ya dakika tano: Madonia, waoka mikate tangu 1918, Teitel Brothers ya 1915, yenye nyota ya Daudi kwenye vigae vya mlangoni, kwa kuwa walioanzisha walikuwa Wayahudi waliohudumia Waitaliano, Borgatti's ya 1935 kwa pasta mbichi, East 187th Street, na Casa della Mozzarella, mtaa huohuo.

Kwenye kaunta, tazama kwanza kama kuna kifaa cha kutoa namba, chukua yako, kisha ndipo uangalie vitu. Wanaouangalia mtungi wa zeituni kwanza hupitwa na watu kumi. Vipimo ni ratili, gramu 454. Robo ratili ya nyama au jibini, gramu 113, inawatosha watu wawili kwa mkate. Sema kiasi, sema unene, na omba kuonja. Kuonja ni haki ya mnunuzi pale, hakuna anayekukunjia uso.

Mozzarella ndiyo inayofaa kutazamwa kwa karibu. Donge la maziwa yaliyoganda hukatwa, humwagiwa maji ya moto sana, kisha huvutwa na kukunjwa kwa mikono mpaka ling'ae kama hariri na kuwa nyuzi. Ukikata ya siku hiyo, maziwa meupe hutiririka kwenye ubao, na ndani yake ina tabaka zinazochambuka kama kifua cha kuku. Ukiona imekuwa kitu kimoja, nyororo na kavu kama raba, ni ya jana au imekaa kwenye baridi. Uliza imetengenezwa lini, na taja kama unataka yenye chumvi au isiyo na chumvi. Ile utakayoila jioni hiyo usiitie kwenye friji, baridi huikaza na kuua ladha. Ikibidi kuilaza, iache ndani ya maji yake, na kesho yake chovya mfuko uliofungwa kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 kabla ya kula.

Parmigiano ikatwe kutoka kwenye gurudumu mbele yako, na kipande kiwe na ganda lenye maandishi ya nukta nukta. Ya miezi 24 inafaa kula na kukuna pia. Iliyokunwa tayari kwenye kopo achana nayo, harufu ilishatoka. Ganda usilitupe, litie kwenye supu ya maharage.

Pale Borgatti's tambi za mayai hukatwa kwa upana unaoutaka, kuanzia nyembamba kama uzi. Mchuzi mwepesi upe tambi nyembamba, mchuzi mzito wa nyama upe pana. Pasta hii ni laini, ikikaa saa mbili kwenye mfuko wa joto inagandana na kuwa bonge. Inunue mwisho kabisa, ukifika ipike au iweke kwenye barafu siku hiyohiyo, na ukiipika kutoka kwenye barafu usiiyeyushe kwanza. Maji yawe mengi, lita 4 kwa ratili, chumvi gramu 10 kwa kila lita. Tambi mbichi huiva kwa dakika 2 au 3. Ravioli zinataka maji yanayochemka polepole, yakitibuka kwa nguvu zinapasuka na jibini linaishia majini.

Mkate beba kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye plastiki mvuke wake mwenyewe unalainisha ganda, na ganda ndilo ulilolifuata.

Kama unarudi kwa ndege, jibini gumu huingia nalo ndani, lakini laini na chochote kilicho kwenye maji huhesabiwa kama kimiminika, kisizidi mililita 100. Mafuta ya zeituni yaende kwenye sanduku la chini. Nyama usinunue ya kusafirisha kabla hujajua sheria ya forodha ya unakokwenda.

Bili ya mkahawa wa Mulberry ilinishtua. Chakula cha dola 60 kikawa karibu 80. Niliibiwa?

Huenda hukuibiwa. Bei ya menyu New York haina kodi ndani yake. Kodi ni asilimia 8.875, kwa dola 60 ni 5.33. Bakshishi ya kawaida ni asilimia 18 hadi 20, yaani 10.80 hadi 12. Jumla inafika 76.13 hadi 77.33. Wenyeji huzidisha kodi mara mbili na kupata karibu asilimia 18 bila kikokotoo. Kabla ya kuandika bakshishi soma mistari ya chini ya bili, maana kwa meza kubwa huenda imekwishaongezwa, na mashine ya kadi bado itakuomba nyingine.

Kinachopandisha bili kweli ni vyakula vya siku ambavyo mhudumu huvitaja kwa mdomo bila bei. Uliza bei ya kila kimoja, si aibu. Maji ya bomba ni salama na ni ya bure, yaombe kwa jina hilo, ukisema maji tu inaweza kuletwa chupa. Wapiga debe wa mlangoni wasalimie na uendelee kutembea, ukitafuta herufi ya idara ya afya dirishani: A ndiyo ya juu.

Ni nyumba gani zinazohusika na mafia tuzitembelee?

Zipo, na ziara za kuzionyesha zipo. Sisi tunakutuma kwingine, Petrosino Square, pale Kenmare inapokutana na Lafayette, mitaa michache magharibi mwa Mulberry. Joe Petrosino alizaliwa Padula, Italia, 1860, akawa luteni wa polisi wa New York na kuongoza kikosi cha Waitaliano kilichopambana na wanyang'anyi wa *Mano Nera*, waliokuwa wakiwatumia barua za vitisho wauza mboga na waoka mikate wa mitaa hii. Aliuawa kwa risasi Palermo tarehe 12 Machi 1909. Misa ya mazishi yake ilisomwa kwenye kanisa lile la St. Patrick la Mulberry, na zaidi ya watu 200,000 walijipanga barabarani. Wengi wa waliotishwa na kunyang'anywa walikuwa Waitaliano wenyewe.

Sikukuu ya San Gennaro ni lini, na inafaa kwa watoto?

Ni Septemba, siku 11 zinazohusisha tarehe 19, siku ya mtakatifu huyo wa Napoli. Ilianza 1926, na kuingia ni bure. Watoto wataipenda mchana wa siku ya kazi. Jumamosi usiku Mulberry haipitiki na kigari cha mtoto. Zeppole, maandazi madogo ya moto yaliyonyunyizwa sukari, uzile zikiwa bado zinachoma vidole, na ushike noti ndogondogo. Soseji kwenye vibanda ni za nguruwe. Maandamano ya sanamu tarehe 19 ndiyo ya kuyafuata, waumini hubandika noti kwenye riboni zake. Ila kama shabaha yako ni majengo tuliyoyaeleza, chagua wiki nyingine, vibanda huziba mbele za nyumba mtaa mzima.